Kuliandaa gari la kulala kwa ukaguzi wa usalama: mwongozo kwa wenye magari haya Mwanza na kando ya Ziwa Victoria

Gari la kulala, yaani gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na pengine choo ndani yake, bado ni nadra Mwanza, lakini si kitu cha kushangaza watu tena. Mengi ninayokutana nayo kati ya Nyegezi na Lamadi yalianza kazi kama Toyota Coaster za abiria, kisha wenyewe wakang'oa viti, wakaweka mbao, sola na jiko la gesi. Siku ya ukaguzi inapofika, mwenye gari la namna hii hupata taabu ambayo mwenye gari dogo haijui: mkaguzi analiangalia kama gari, ilhali mwenyewe amekuwa akilitunza kama nyumba, na kasoro kubwa hukaa pale viwili hivyo vinapoungana. Tangi limefungwa kwenye chasisi, waya wa friji umeungwa kwenye waya wa taa, mtungi wa gesi umesukumwa chini ya kitanda. Nimemiliki Coaster ya aina hiyo kwa muda wa kutosha kukataliwa mara moja na kupita mara kadhaa, na katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye maungio hayo kuliko kwenye mambo ambayo fundi yeyote wa gereji atakukumbusha.

Anayekagua

Ukaguzi wa ubora wa magari yanayotembea barabarani hufanywa na wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Gari likionekana salama hupewa stika ya Nenda kwa Usalama, ile inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ofisi ya trafiki ya wilaya yako ndiyo itakayokueleza siku na mahali pa kupeleka gari, na ni vizuri kuuliza mapema, kwa sababu gari refu halikaguliwi vizuri kwenye uwanja ambao halina nafasi ya kugeuka.

Magari yanayobeba watu kwa malipo yana mlango wa pili, ambao ni LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Gari la familia lisilotoza mtu nauli haliingii huko. Lakini ukifikiria kulikodisha kwa watalii wanaokwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka, basi umeingia kwenye biashara ya usafiri na utalii, na maswali ya leseni yajibiwe kabla hujapokea fedha ya mteja wa kwanza.

Kadi iseme kile kilichopo

Anza na karatasi, kwa kuwa ndizo zinazoharibu siku mapema zaidi. Chukua kadi ya gari, kaa nayo mbele ya gari lenyewe, na soma kila mstari huku ukiangalia kitu kinachotajwa: namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi, idadi ya viti. Gari lililobadilishwa hukwama kwenye mistari hiyo mitatu ya mwisho. Kama kadi bado inasema viti 29 na ndani mna viti vinne, kitanda na sinki, mkaguzi ana haki ya kuuliza kama anaangalia gari la abiria lisilo na leseni, gari lililobadilishwa bila taarifa, au kadi ya gari jingine. Mabadiliko ya rangi, injini na muundo hupelekwa TRA, ambayo ndiyo inayosajili magari, ili kadi irekebishwe. Fanya hivyo kabla ya kuomba ukaguzi, na uhifadhi karatasi za fundi aliyelibadilisha pamoja na risiti zake.

Bima nayo ifuate kadi. Gari lililokatiwa bima kama basi dogo la abiria, au kama gari la mizigo, huku likitumika kama nyumba ya familia, linampa wakala wa bima sababu ya kubishana siku ya ajali. Mweleze ukweli wote unapokata bima, ikiwa ni pamoja na jiko la gesi, na uhakikishe kuwa bima yenyewe inaonekana katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kutumia namba ya gari au ya stika. Wapo wanaoendelea kuuliza kuhusu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo usimlipe mtu anayedai kukutafutia. Lakini faini za barabarani ambazo hazijalipwa zipo kwenye mfumo wa polisi na husomeka kwa namba ya gari, basi zimalize kabla ya kwenda.

Uzito, ambao hauonekani kwa macho

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watulie, kwa sababu karibu kila kasoro nyingine ninayoieleza chini inaanzia hapa.

Maji lita moja yana uzito wa kilo moja. Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 15 haina uzito wa kilo 30 kama wengi wanavyodhani, maana chuma chenyewe kinakaribia uzito wa gesi iliyomo, na kwa hiyo ni takriban kilo 60. Betri mbili za sola za maji, kila moja ya Ah 200, zinaweza kufika kilo 120. Tayari ni kilo 380, kabla hujahesabu kitanda, kabati, jokofu, vyombo, baiskeli na watu. Kwa Coaster iliyokuwa ikibeba abiria zaidi ya ishirini, jumla hiyo haitishi; kwa Hiace iliyogeuzwa, inaweza kumaliza uwezo wote wa gari. Lakini hata kwa Coaster kuna tofauti moja kubwa: abiria hushuka jioni na springi zikapumzika, ilhali kabati na tangi havishuki kamwe. Springi hubaki zimekandamizwa usiku na mchana, mwaka mzima, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe.

Mahali ulipowekwa uzito ni jambo kubwa zaidi kuliko wingi wake. Chukua tangi lile la kilo 200, lifunge mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita nne. Ekseli ya nyuma haitapokea kilo 200. Itapokea kilo 275, kwa sababu tangi linafanya kazi kama mtoto mnene aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa kubembea, na upande wa pili, yaani ekseli ya mbele, unanyanyuliwa kwa kilo 75. Usukani unakuwa mwepesi, matairi ya nyuma yanachemka, na taa kubwa zinaelekea juu na kuwapiga machoni madereva wanaokuja. Mkaguzi ataandika kuwa taa hazijapangwa sawa, nawe utamlaumu fundi umeme, kumbe kosa liko kwenye tangi. Likiwezekana, tangi likae kati ya ekseli mbili, karibu na sakafu, na liwe na vizuizi ndani ili maji yasiyumbe lote kwa pamoja kwenye kona.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Egesha kwenye sakafu bapa, gari likiwa na mizigo yote na maji, kisha kwa futi ya fundi pima kutoka kwenye ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu hadi chini. Andika namba nne. Kushoto na kulia zikipishana kwa sentimita mbili au zaidi, jikoni na tangi viko upande mmoja, au springi moja imechoka. Kipimo cha uhakika ni mizani. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, gari lenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi linatakiwa kupita kwenye mizani, na Coaster iliyojaa nyumba inavuka kiwango hicho, kwa hiyo mizani ya TANROADS pale Usagara si ya malori peke yake. Usiiogope. Karatasi inayoonyesha uzito wa kila ekseli ni maarifa ambayo fundi hawezi kukupa kwa kuangalia, na ukiilinganisha na kibati cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji, utajua kama una nafasi ya kuongeza kitu au unapaswa kupunguza.

Chini ya gari

Mara ile niliyokataliwa, nilikuwa na hakika ya kupita. Breki zilikuwa mpya, rangi inang'aa. Mkaguzi, kijana mwenye tochi ndogo, alitandika kipande cha boksi, akalala chini ya gari, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha nikasikia sauti: "Mzee, hebu inama uone hapa." Nikasema, "Nimeinama, afande." Alifuta tope kwa kidole gumba kwenye bapa la chini la chasisi, karibu na tundu ambalo gereji iliyofunga tangi langu ilitoboa ili kupitisha boliti. Kutoka kwenye tundu hilo ulianza mstari mwembamba kama unywele, wenye kutu ya rangi ya chungwa, ukipanda juu kwa urefu wa kiganja. Ulikuwa ufa. Bapa la juu na la chini la chasisi ndiyo sehemu zinazobeba mvuto mkubwa zaidi gari linapopinda barabarani, na tundu moja hapo ni mwaliko wa ufa. Kama ni lazima kutoboa, hutobolewa katikati ya ubavu wima, na vizuri zaidi ni kutotoboa kabisa, bali kutumia mikono ya chuma inayokumbatia chasisi. Kuchomelea karibu na viango vya springi ni kosa la namna hiyohiyo, kwa kuwa joto hubadilisha chuma cha pembeni na kukifanya kivunjike kwa urahisi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kila ukaguzi naosha chini ya gari kwa maji ya kawaida, naliacha likauke, halafu napita na tochi kwenye kila boliti inayoshikilia kitu cha nyumba. Ninaangalia mistari ya kutu inayotokea mahali pasipo na tundu la maji. Ninagonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hilo ni bahati yetu ukilinganisha na watu wa pwani, lakini unyevu wa asubuhi ufukweni na tope la masika linaloganda juu ya chasisi hufanya kazi hiyohiyo polepole. Usipake rangi nyeusi chini siku mbili kabla ya kwenda. Wakaguzi wanaijua hiyo rangi mbichi, na itawafanya watafute kwa bidii zaidi.

Breki na matairi ya gari linalokaa sana

Gari la kulala huegeshwa wiki nyingi kuliko linavyotembea, na breki huugua kwa kukaa. Kebo ya breki ya mkono hushikwa na kutu ndani ya ala yake, ngoma hufanya utando wa kutu, na mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hunyonya unyevu, hupunguza uwezo wa kuhimili joto hata kama gari halikwenda popote. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Breki ya mkono ijaribiwe kwenye mteremko halisi, na Mwanza hatuna uhaba wa miteremko. Barabara ya kupanda Bugando inatosha, saa ambayo haina magari. Jaza maji kwanza. Kanyaga breki ya mguu, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha achia mguu taratibu ukiwa tayari kukanyaga tena. Msaidizi mwenye gogo la kuzuia tairi asimame ubavuni, kamwe asisimame nyuma ya gari.

Matairi ya gari hili huzeeka kabla ya kwisha. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye nyufa ndogondogo ubavuni kutokana na jua si tairi la kusafiria na nyumba mgongoni. Kwa gari lenye matairi pacha nyuma, chuchumaa na uangalie lile la ndani, ambalo husahaulika hadi lipasuke, na uondoe mawe yaliyobanwa katikati.

Gesi

Sitapita haraka hapa, kwa sababu ajali ya gesi ndani ya gari haiachi nafasi ya kukimbia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani; hutambaa sakafuni, hujaa chini ya kitanda na ndani ya kabati, na kusubiri cheche. Kwa hiyo mtungi ukae kwenye sanduku lake lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye mlango unaofunguka nje, na chini kabisa liwe na tundu la kutolea gesi nje ya gari, tundu ambalo halitazibwa na tope wala zulia, na ambalo haliko karibu na ekzosi. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mkanda wa chuma au wa lori, si kwa kamba ya katani.

Kupima uvujaji kunahitaji sabuni ya kufulia na dakika kumi. Koroga sabuni katika maji hadi itoe povu zito, fungua mtungi huku majiko yote yakiwa yamefungwa, kisha paka povu kwa brashi kwenye regyuleta, kwenye kila kibano cha mpira na kila kiungo cha bomba. Usitazame haraka. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa; hutoa kijipovu kimoja kama punje ya mtama, kinachokua, kinapasuka, kisha kingine kinatokea palepale. Hicho kimoja kinatosha kukufanya ufunge mtungi na kumwita fundi. Mpira wa gesi wenye nyufa unapokunjwa, au uliokauka na kuwa mgumu, ubadilishwe bila kujali ulinunuliwa lini. Gari likiwa safarini mtungi ufungwe kwenye valvu yake, na vilevile kabla ya kuingia kwenye kivuko cha Kamanga au cha Ukerewe.

Jenereta ina hatari yake tofauti, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Isiwashwe ndani wala chini ya dirisha lililo wazi, na kila gari la kulala liwe na kengele ya kutambua hewa hiyo karibu na kitanda.

Umeme, viti na vitu vidogo

Taa za nyumba, friji na inveta viwe na betri yake, na fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri hiyo, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote. Usiunge kitu chochote cha nyumba kwenye waya wa taa za breki au indiketa. Viti vya safarini ni vile tu vilivyofungwa kwenye sakafu imara na vyenye mikanda. Benchi la pembeni na kitanda si viti, hata kama watoto wanapenda kulala humo. Makabati yawe na vifungo visivyofunguka kwa mtikisiko. Mlango mmoja au dirisha kubwa upande mwingine liweze kufunguliwa na mtu aliye ndani kama njia ya dharura. Kizima moto kiwe na chaji na kifikike bila kupanda kitandani. Pembetatu mbili za tahadhari, jeki inayoweza kunyanyua uzito halisi wa gari, tairi la akiba na sanduku la huduma ya kwanza viwe mahali unapoweza kuvionyesha mara moja.

Siku yenyewe

Nenda asubuhi, gesi ikiwa imefungwa, godoro likiwa limenyanyuliwa, na sehemu za betri, tangi na mtungi zikiwa wazi ili mkaguzi asilazimike kukuomba upakue. Mweleze mwenyewe kilichobadilishwa kabla hajakigundua, na umpe kadi, bima na karatasi ya mizani kwa pamoja. Akikuta kasoro, omba iandikwe, kwa maneno yanayotaja sehemu husika, kisha mpelekee fundi maandishi hayo na si kumbukumbu yako. Malipo ya serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo; mtu anayetaka fedha mkononi bila namba hiyo na bila risiti usimpe. Na mtu atakayekuambia kwamba stika inaweza kupatikana bila gari kuonekana, mwepuke, kwa sababu kinachokulinda kwenye mteremko ni macho ya yule kijana mwenye tochi, na stika ni ushahidi tu kwamba alitazama.

Kwa wageni wanaozunguka ziwa na magari yaliyosajiliwa nje, wakiingia kwa Sirari au Mutukula, cheti cha ukaguzi cha kwao ni msaada mzuri lakini hakiwaondolei wajibu wa gari kuwa salama hapa. Wawe nacho pamoja na kibali cha muda cha forodha na bima ya Yellow Card ya COMESA, yaani bima ya gari inayovuka mipaka ya nchi wanachama wa mpango huo, ambayo Tanzania inaitambua.

Kama magurudumu yalifunguliwa wakati wa matengenezo, nati zake hulegea kidogo katika kilomita za mwanzo. Mimi huvuka daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, na nikifika Sengerema naegesha pembeni, nakaza kila nati kwa spana, halafu naweka mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa kwanza. Gurudumu lenye joto kali kuliko wenzake lina breki inayoshika, na nikilikuta hivyo namtafuta fundi hapohapo kabla ya kuendelea Geita.